Nani Amlisha Mwenziwe, Sisi au Kambi?

Liko neno moja linalozungushwa kila siku hapa Nanyuki, hotelini, sokoni, garini, hata katika baraza za wazee wenye heshima zao. Neno hilo ni hili: "Kambi inatulisha." Ukiuliza kwa nini askari wa Uingereza wangali wanafanya mazoezi ya vita katika ardhi yetu zaidi ya miaka 60 baada ya bendera yao kushushwa, wajibiwa kwamba kambi inatulisha. Ukiuliza habari za wachungaji waliokatika viungo kwa mabomu yaliyosahauliwa malishoni, watu hutazama chini, kisha mmoja husema kwa sauti ndogo, "Lakini, mwalimu, kambi inatulisha." Hata mwenye njaa hasa hataji chakula mara nyingi kiasi hicho.

Mimi sikatai kwamba fedha huingia. Anayekataa hilo hajapita katika mji huu wakati vikosi vimefika kwa mazoezi: mabaa yamejaa, madereva wa teksi hawalali, na mama wauza matunda wanapandisha bei bila haya. Na wale walioajiriwa ndani, mafundi, wapishi, madereva na wafagiaji, hurudi nyumbani na mshahara ulio halali yao. Hakuna mtu wa chama hiki atakayemdharau mfanyakazi kwa sababu ya mahali anapofanyia kazi. Mzazi ana watoto, na karo ya shule haingoji siasa. Ugomvi wangu ni na wale wakubwa walioligeuza jasho la mfanyakazi huyo kuwa ngao yao. Wao hawafui nguo za askari wala hawamenyi viazi vyao, lakini kila tunapodai haki yetu humsukuma mbele yule mmenya viazi na kusema: mwoneeni huruma huyu.

Basi na tumsikilize mmenya viazi mwenyewe.

Yuko mzee mmoja katika mtaa wa Majengo, amepita umri wa miaka 80, aliyenikubalia niandike maneno yake ila si jina lake. Mwaka 1961, angali kijana ambaye ndevu hazijaota sawasawa, alikwenda Nairobi kutafuta kazi, akaipata Kahawa, katika ile kambi kubwa ya Waingereza karibu na barabara ya Thika. Kambi hiyo iliitwa Templer Barracks, kwa jina la jemadari aliyetawala Malaya wakati wa vita vya msituni. Haikuwa kambi ya mahema. Ilijengwa kwa mawe na saruji, kazi ya watu waliokusudia kukaa, katika miaka ile ile ambayo sisi tulikuwa tukidai waondoke.

"Kazi yangu ilikuwa viazi," aliniambia. Saa kumi alfajiri yuko jikoni anawasha majiko, na kabla jua halijatoka amekwisha kaa juu ya debe na kisu mkononi, gunia moja limekwisha na la pili limefunguliwa. Alimenya viazi mpaka vidole vikawa vyeupe na kukunjana kama vya maiti aliyetolewa majini; hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema akicheka. Baada ya viazi, masufuria. Baada ya masufuria, sakafu. Jioni, kwenye lango, alipekuliwa mfuko, kofia, na hata kile kisufuria chake cha uji kikafunuliwa, asije akatoka na kipande cha siagi. Wao walikula mkate mweupe na nyama. Yeye na wenzake walikuwa na posho ya unga wa mahindi, wakaipika wenyewe katika laini za wafanyakazi. Mshahara ulitosha sabuni, tumbaku, na nauli ya kurudi kwao mara mbili kwa mwaka. Jina lake liliwashinda kutamka, wakampa jingine la Kizungu alilolitumikia miaka mitatu na nusu, na mara nyingi hata hilo halikutumika, ilitosha kuitwa "boi".

Nilimwuliza kama walikuwa wakatili. Akafikiri kidogo. "La, mwanangu," akasema, "wengine walikuwa vijana wazuri tu, wadogo kuliko mimi, wanalia usiku kwa kuwakumbuka mama zao. Sajini mmoja alinifundisha kusoma saa." Naandika hilo kwa sababu alilisema, na kwa sababu si kusudi langu kuwachukia vijana wa Kiingereza waliotiwa sare wakapelekwa mbali na kwao. Lakini sikieni aliloongeza.

"Mpishi huijua vita kabla ya gazeti." Asubuhi moja, katikati ya mwaka ule wa 1961, aliambiwa amenye nusu tu ya viazi vya kawaida. Hakuna aliyemwambia kwa nini, ila sahani hazidanganyi. Wenye sahani hizo walikuwa wamepelekwa Kuwait. Nchi ile ilikuwa imepata uhuru wake mwezi Juni, Iraki ikadai ni mali yake, na mwanzoni mwa Julai Uingereza ikateremsha majeshi yake huko, na brigedi ya 24 kutoka Kenya ilikuwa miongoni mwao. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kahawa. Kambi haikujengwa kumlinda mkulima wa Kiambu wala mvuvi wa Lamu. Ilikuwa ghala la askari, wakae hapa wakinenepa kwa viazi vyetu mpaka watakapohitajiwa kulinda mafuta na njia za mabwana wao.

Sahani zilipungua tena Januari 1964, na safari hii mzee hakucheka aliponieleza. Mwezi ule askari wa Tanganyika walikuwa wameasi, kisha wa Uganda kule Jinja, kisha tarehe 24 wale wa kwetu katika kambi ya Lanet karibu na Nakuru. Askari Waingereza walitoka katika kambi zao humu nchini kwenda kuzima maasi ya Jinja na ya Lanet. "Nilifunga mikate usiku kucha," alisema. "Asubuhi nikajua ilikokwenda." Ni kweli, na sharti isemwe, kwamba serikali zetu wenyewe ndizo zilizowaita, kwa kuwa serikali changa haiwezi kuchekea bunduki inayokataa amri. Lakini fikirini hali ya mtu yule: bendera yake mpya haijatimiza miezi miwili mlingotini, naye anafunga mikate ya jeshi la kigeni linalokwenda kuwanyang'anya silaha ndugu zake. Hakuulizwa. Mmenya viazi haulizwi.

Waingereza waliondoka mwisho wa mwaka ule wa 1964. Mzee akapewa mshahara wake wa mwisho na karatasi ya sifa, ambayo bado anayo, imekunjwa ndani ya Biblia. Nimeisoma. Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba mwenye karatasi hii ni mtu mwaminifu, safi, na mnyamavu. Pensheni hakupata.

Sasa nawauliza wale wanaosema kambi inatulisha: katika habari hii, nani alimlisha nani? Askari elfu kadhaa waliamka wakakuta chai imepikwa, nguo zimepigwa pasi, vyoo vimeoshwa, bustani za maofisa zimemwagiliwa maji. Ondoeni mikono hiyo asubuhi moja tu, mwone kama jenerali ataweza kwenda Kuwait kabla hajatafuta maji ya kunawa.

Jambo hili wenzetu wa Misri walilijua zamani. Kwa mkataba wa mwaka 1936 Uingereza iliruhusiwa kuweka askari wa nchi kavu 10,000 kwenye mfereji wa Suez. Kufikia mwaka 1951 walikuwa wengi mara nyingi kuliko hao. Oktoba 1951 serikali ya Nahhas Pasha ikautangua mkataba, na vibarua wa Kimisri, maelfu kwa maelfu, wakatoka katika makambi, wakayaacha maghala, karakana na majiko. Ikabidi askari wenyewe wachukue makarai na mafagio. Wapo na watu wa Afrika ya Mashariki waliotumikia makambi hayo ya Suez katika vikosi vya kazi, habari ambayo haisimuliwi sana mashuleni. Bado damu ilimwagika, hasa Ismailia Januari 1952, na bado ilichukua miaka. Lakini Juni 1956 askari wa mwisho wa makambi yale aliondoka. Sisemi wafanyakazi wa Nanyuki watoke kesho. Nasema mfanyakazi wa kambi asiambiwe kwamba yeye ni mwombaji mlangoni, wakati yeye ndiye nguzo ya nyumba.

Wapinzani wetu watakuja na la pili: kambi ikiondoka, mji utakufa. Nendeni Kahawa. Mwaka 1965 kambi ile ilikabidhiwa Serikali ya Kenya, na majengo yaliyolala maofisa yakawa Kenyatta College, mahali pa kusomea na pa kufundishia walimu. Mwaka 1970 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Kenyatta kamili. Binti wa dada yake yule mzee alisomea ualimu pale pale mjomba wake alipomenya viazi. Mimi mwenyewe ni mtu wa chuo cha ualimu, si hicho, kingine kidogo zaidi, lakini kila ninapopita barabara ya Thika na kuona vijana wakishuka mabasini na vitabu vyao, nauliza: mji wa Kahawa ulikufa siku gani? Hesabuni wapishi, madereva, wenye vyumba vya kupangisha, wauza vitabu na wauza chapati wanaoishi kwa chuo kile leo, kisha mniletee kambi yo yote iliyolisha watu wengi hivyo.

Na tukitaka mfano wa kambi isiyofaa kitu, tunao vilevile. Mwaka 1947 Waingereza walianza kujenga ghala kubwa la jeshi Mackinnon Road, katika nyika kati ya Mombasa na Voi, kwa kuwa waliona Uhindi na Misri zinawaponyoka. Palikuwa na kelele nyingi za kazi na maendeleo. Baada ya miaka michache wakauacha mradi ule, na ilipokuja Hali ya Hatari mahali hapo pakatiwa watu wetu waliokamatwa bila hukumu. Hayo ndiyo maendeleo yaliyobaki.

Au tazameni Ufilipino, maana yaliyosemwa huko ndiyo yanayosemwa hapa. Wamarekani walikuwa na kambi kubwa ya manowari Subic Bay, yenye wafanyakazi wenyeji maelfu mengi. Septemba 1991 Baraza la Senati la Ufilipino lilikataa mkataba mpya kwa kura 12 kwa 11, na Novemba 1992 Wamarekani wakafunga mizigo yao. Mji wa jirani ulitabiriwa njaa. Badala yake bandari na karakana zile zikageuzwa mahali pa biashara na viwanda, na baada ya miaka ajira za pale zikazipita zile za wakati wa kambi. Haikuwa rahisi, na miaka ya kwanza ilikuwa ya taabu. Nani aliyetuahidi urahisi?

Sasa turudi kwetu. Katika Nanyuki liko jeshi la mafunzo la Uingereza, BATUK. Januari 2021 lilifunguliwa makao mapya, Nyati Barracks, yaliyogharimu pauni milioni 70 hivi. Mwaka huo huo mkataba wa ulinzi ulitiwa saini London, wa miaka mitano, na Bunge letu likauridhia mwaka 2023 baada ya mabishano makali juu ya nani atakayemhukumu askari Mwingereza akimwua Mkenya hapa Kenya. Hebu soma tena maneno hayo, ndugu msomaji. Taifa lenye Katiba, mahakama na majaji wake lilihitaji kubishana juu ya hilo.

Wala hatukubishania kivuli. Mwaka 2012 msichana wa miaka 21, mama wa mtoto mchanga, alipotea usiku akiwa na askari Waingereza katika mji huu, na baada ya miezi miwili maiti yake ikapatikana ndani ya shimo la maji machafu la hoteli. Mwaka 2019 hakimu aliyeendesha uchunguzi akaamua kwamba aliuawa na askari Waingereza. Hati ya kumkamata mshukiwa ilitolewa na Mahakama Kuu Septemba 2025. Mshukiwa ni mshukiwa mpaka korti iseme, hilo tunalishika. Lakini miaka 13! Mwana wa kwetu akiiba kuku Nanyuki, mshukiwa huyo hulala mahabusu jioni ile ile.

Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228, wengi wao Wamaasai na Wasamburu wa pande za Dol Dol na Archer's Post, waliojeruhiwa au waliofiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi. Machi 2021 moto uliwaka Lolldaiga wakati wa mazoezi, ukateketeza maelfu ya ekari, na moshi ukawafunika watu majumbani mwao. Waliposhtaki, jeshi likadai kwamba lina kinga, haliwezi kushtakiwa katika korti za Kenya. Mwaka 2022 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Nanyuki ikaikataa hoja hiyo, na jaji yule anastahili kukumbukwa. Mwisho wa kesi ukaja Agosti 2025: pauni milioni 2.9 kwa walalamikaji 7,723. Mimi nilifundishwa kufundisha hesabu. Gawanyeni. Ni pauni 375 na kitu kwa kila kichwa, baada ya miaka minne ya kungoja, nje ya korti, bila mtu kusimama kizimbani.

Na katika miaka yote hiyo, neno gani lilitumiwa kutunyamazisha? Kambi inatulisha. Wazee wetu wamelifanyia na methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Vema. Lakini wazee hao hao walitufundisha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu amekaa miaka zaidi ya 60, jembe hakushika, tena mwenyeji ndiye anayepekuliwa langoni.

Wengine wenye elimu watasema majeshi haya yanawafundisha askari wetu wanaokwenda Somalia. Huenda. Serikali mbili zikitaka kufundishana vita, zina vyuo na zina maofisa, kikosi cha walimu chaweza kuja na kurudi. Mafunzo ya askari wa Kenya hayahitaji kinga kwa askari wa Uingereza.

Basi twataka nini? Kila mfanyakazi wa kambi, awe ameajiriwa na jeshi lenyewe au na mwanakandarasi wake, awe na mkataba wa maandishi chini ya sheria za Kenya, kwa kuwa kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya chama chake, na ya kugoma, wala hakikusema isipokuwa yule anayepika kwa ajili ya Mwingereza. Mkataba wa ulinzi usifanywe upya tena pasipo kusomwa kwa Kiswahili katika baraza za Laikipia, Samburu na Isiolo. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa kifungu cha 7, si lugha ya jikoni. Askari akituhumiwa kuua au kunajisi, ashtakiwe hapa. Viwanja vyote vya mazoezi vikaguliwe na kusafishwa mabomu kwa gharama ya waliovichafua. Na itajwe tarehe. Kahawa ilikuwa na tarehe, nayo ilitimizwa katika mwaka mmoja tangu Uhuru, wakati nchi haikuwa na maofisa, fedha wala walimu. Wanaotuambia leo kwamba haiwezekani wana vyote hivyo.

Kwa wafanyakazi wa sasa na wa zamani nina neno la kazi. Tawi letu la Nanyuki limeanza kuandika ushahidi wenu: kazi mliyofanya, miaka, ujira, majeraha, jinsi mlivyoachishwa. Leteni karatasi zenu zote, hata zile za sifa, hasa hizo. Asiyetaka jina lake liandikwe halitaandikwa. Asiyejua kuandika ataandikiwa, na atasomewa alichoandikiwa kabla hajatia dole gumba. Tunakaa ofisini kila Jumamosi, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, na walio mbali upande wa Dol Dol watafuatwa huko siku ya mnada. Mzee wa Majengo amekuwa wa kwanza. Kitabu kina kurasa nyingi bado.